Beseni Lizunguke Kwanza

Kaeni, wanangu, na aliye karibu na mlango aurudishe, maana tangu nianguke kwenye kitanda hiki nimegundua kwamba ukuta wa nyumba yangu una masikio mengi kuliko watu waliomo ndani. Lazare, wewe ni mkubwa, kaa kwenye kiti cha baba yako na uache kugongagonga kiatu sakafuni. Najua umevaa vile viatu vya ngozi vya siku ya misa, na ninajiuliza umevivaa kwa ajili ya nani. Hulda, zima simu, nataka niisikie ikizimika. Déborah, kaa hapo hapo karibu na nyungu, na kifuniko chake kisiguswe mpaka nitakaposema. Macho yangu yameingia ukungu na ninyi mmekuwa vivuli mbele ya dirisha, lakini masikio bado ni yangu yote mawili.

Mimi Mwadi Mathilde, mjane wa Kabongo, mama yenu ninyi watatu, nitasema mara moja tu, na nitasema kwa Kiswahili cha masista walionifundisha kusoma, nikiacha kile chetu cha sokoni, ili kesho asitokee mtu wa kusema kwamba mama alikuwa anaweweseka, au kwamba yeye alitaka hivi na homa ikamsemesha vile. Jambo lenyewe ni moja. Malewa yetu, ile meza ndefu iliyo upande wa pili wa ukuta huu, ambayo imelisha nusu ya Kamina na kuwasomesha ninyi, inahitaji mtu wa kushika ufunguo wake nitakapokuwa sipo. Nami nataka niwe na hakika, kabla sijafumba macho, kwamba mtu yeyote atakayekaa pale atamiminiwa maji mikononi na kupewa bukari yake, ugali wetu, bila kuulizwa kwanza anamwomba Mungu kwa namna gani, wala kama anamwomba. Ufunguo ninao hapa, nimeufunga kwenye pembe ya kikwembe changu, na yule aliyejaribu kuupapasa juzi akidhani nimelala ajue kwamba sikuwa nimelala.

Haya, sijataja jina. Tuendelee.

Mengine ni mepesi. Shamba la mihogo la kijijini ni la Lazare, pamoja na baiskeli ya baba yenu, ambayo hata kama haiendi tena nataka iwekwe mahali pasiponyeshewa. Vyumba viwili vinavyotazama barabara ni vya Hulda na watoto wake, na shangazi wala mjomba asije kuwaambia kwamba mtoto wa kike hana nyumba, maana nyumba hii nimeijenga mimi, mtoto wa kike. Mbuzi mtawachinja kwenye matanga, najua, hata nikikataza. Hayo hayanipi homa. Kinachonipa homa ni meza.

Najua mnasema mama amekuwa mtu wa shuku. Mnasema nanusa chakula kabla ya kula, nawauliza swali moja kila mtu peke yake, nageuza kichwa ukutani mkinong'ona jikoni. Ni kweli. Mchuzi mnaoniletea hauna chumvi. Hulda anasema ni amri ya daktari, Lazare anasema chumvi imepanda bei, nami najiuliza kwa nini watu wawili wa jiko moja wana sababu mbili kwa chumvi moja. Hata padri wetu yule kijana, anaponiletea komunyo, huniuliza kwa upole kama nimeshafikiria habari ya parsele, yaani kiwanja hiki nitamwachia nani, na mimi hapo hapo husinzia. Yeye ana haki ya kuuliza na mimi nina haki ya kusinzia. Lakini shuku hii sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa, na leo nitawaambia nilivyofundishwa, kwa sababu meza ile ilizaliwa humo humo.

Ninyi mnasikia habari za miaka ya Chama kimoja, nchi ilipoitwa Zaire, mkadhani ni habari za nguo na nyimbo. Baba yenu alikuwa na kazi nzuri ya serikali hapa hapa Kamina. Kila asubuhi, kabla mtu hajashika kalamu wala nyundo, walipangwa mbele ya bendera wakaimba sifa za Chama na kupiga makofi, wakubwa na wadogo, mwenye mgonjwa nyumbani na mwenye msiba. Majina ya ubatizo yalipigwa marufuku pia. Mathilde likabaki jina la jikoni, baba yenu alilitaja akiwa ameinama kwenye moto kana kwamba anapuliza kuni. Basi Kabongo hakuwa mtu wa kugombana. Alisimama na wenzake, alipiga makofi, ila mdomo wake haukuimba wimbo ule, ulikuwa unasema Baba Yetu. Midomo ilitikisika sawasawa na ya wengine, na mwenye kusimama mbali hakuweza kujua tofauti. Ilibidi uwe umesimama ubavuni mwake ndipo usikie.

Na ubavuni mwake alisimama Mwanza. Huyu Mwanza alikuwa mtu wa parokia yetu, sauti ya chini katika kwaya, alikula Noeli nyumbani kwetu. Siku moja walikuja wakamchukua Kabongo, wakamweka ndani, na aliporudi alikuwa amekonda, ana kikohozi, hana kazi. Hakuimba tena maisha yake yote, hata kanisani; alisimama tu na kitabu cha nyimbo mkononi. Nani alisema? Mwanza? Au yule aliyesimama upande wa pili, ambaye jina lake silijui? Mwanza alikuja kunipa pole akilia, na mimi nilimtazama machozi nikayapima, nikashindwa kuyapima. Baadaye alikula mezani kwangu miaka na miaka, nikawa namtazama mdomo kila akitafuna. Alikufa, nikaenda kwenye matanga, nikamtazama mdomo hata ndani ya sanduku. Sijui mpaka leo. Wajukuu wake wapo, ni watu wema, na mmoja amepanga kwenye barabara hii hii. Siwaambii muwaogope wala muwachukie. Jambo hili ninakwenda nalo mimi, lisibaki kwenye nyumba.

Ila lishikeni lile lililonifundisha. Pale watu wanapolazimishwa kusema maneno, hata yawe maneno mazuri, ni lazima awepo mtu wa kuangalia nani hasemi. Na mtu huyo hatoki mbali. Ni jirani yako, ni mwenzako wa kwaya. Ndiyo maana nyumba inaharibika. Mimi nilikuwa msichana wa kucheka na kila mtu, muulizeni yeyote aliyebaki wa rika langu. Nikawa mtu wa kutazama midomo.

Kabongo alipopoteza kazi alichukua baiskeli akaenda kutafuta samaki wa kukausha upande wa mto Lualaba, mpaka Malemba-Nkulu, enzi hizo njia zilikuwa bado zinapitika bila mtu kukusimamisha na bunduki, na mimi nikaanza kupika. Mwanzoni ilikuwa mbao mbili juu ya matofali. Wakaja wale waliokuwa na njaa, yaani kila mtu. Alikuja askari wa base, kambi ya jeshi, aliyetoka mbali sana, kwao huombea chakula mpaka mchuzi unapata ngozi. Alikuja mzee mmoja wa kijijini kwetu aliyemwagia mababu maji chini kabla ya kugusa kitu. Alikuja Mkimbangu, wa kanisa lililozaliwa humu nchini, alikuja Mwislamu, na alikuja mwalimu mmoja aliyesema haamini lolote isipokuwa sombe yangu, majani ya mihogo. Wote meza moja. Na siku ile ya kwanza askari alipoanza kuomba kwa sauti, mwalimu akacheka, mzee akanuna, nikaona sasa wataanza kuangaliana midomo.

Ndipo baba yenu akachukua beseni na kopo la maji. Hakuhubiri. Alianzia mwisho wa meza, akamiminia mtu mmoja maji mikononi, polepole, beseni likipokea chini, akaenda kwa wa pili, akaenda kwa wa tatu, na akasema neno moja tu, kwa kile Kiswahili chetu: "Wakati maji iko nazunguuka, kila muntu afanye yake. Maji ikifika mwisho, njo tutakula." Basi. Aliyetaka kuomba aliomba, kwa sauti au kimyakimya, aliyetaka kumwaga tone chini alimwaga, na asiye na lolote la kufanya aliangalia mikono yake ikidondosha maji, hakuna aliyemuuliza. Na nyungu haikufunuliwa mpaka wa mwisho alipofungua macho. Hata kama alikuwa yule askari. Mwalimu alilalamika kwamba njaa itamuua, Kabongo akamwambia afe kwa adabu, na kuanzia siku ile wale wawili walikaa pamoja.

Meza imeishi hivyo. Walikuja wanawake wa soko, Jumatatu, wakiimba wimbo wao kabla ya kula, na aliyetaka aliitikia, asiyetaka alingoja. Nilipenda wimbo ule. Nisikieni vizuri hapa, kwa sababu Lazare atadhani niko upande wake: sijakataza kuomba, na sitakataza. Lazare, wewe ulikuja hapa kitandani na dawa yako, ukasema, "Mama, tuandike ku mulango: hapa hakuna maombi, njo fujo itaisha." Mwanangu, nilikunyamazia kwa sababu nilikuwa nakunywa uji. Ukimfunga mdomo anayeomba, wewe nawe umekuwa Chama, umebadilisha wimbo tu. Na utahitaji mtu wa kuangalia nani anaomba kwa siri chini ya meza, na kwa mkao wako huo najua utamweka mke wako.

Usigongegonge kiatu.

Sasa nije kwa kilichotokea tangu mvua hizi zilipoanza, kile ambacho ninyi mlidhani sitakijua. Siku nilipoanguka jikoni, mguu na mkono vikaniacha, hamkuwepo hata mmoja. Aliyeninyanyua ni Mira, yule mke wa askari, mwenye bangili za shaba, anayetoka upande wa Kindu, Mwislamu, ambaye tangu waletwe hapa base alikula mezani kwangu kila alipotoka sokoni. Alinibeba na wenzake mpaka hapa, akakaa, akanipangusa mate. Halafu akaniuliza, sikilizeni neno lake, akaniuliza: "Mama, unaniachilia nikuombee sawa tunaombaka kwetu? Ukikatala, hakuna mambo, nitanyamaza tu." Nilikuwa siwezi kusema, nikafinya kidole chake. Akaomba. Sikuelewa neno hata moja, na sijui kama ni maombi yake au ni ya masista au ni dawa ya hospitali, lakini mdomo ulinirudia. Deni langu duniani ni hilo moja. Sina jingine.

Halafu akaja Mchungaji Kapenda, wa lile kanisa la maturubai ambako Hulda anasali. Yeye hakuuliza. Aliweka mkono wake kwenye kipaji cha uso wangu, mzito, una marashi, akapiga kelele mpaka kuku wakakimbia, na mimi sikuwa na nguvu ya kugeuza kichwa. Sisemi ni mtu mbaya. Kanisani kwake huko apige kelele mpaka maturubai yapasuke, ni haki yake, na wanaompenda wana haki ya kumpenda. Lakini kipaji hiki ni changu, na mtu akiniombea bila kuniuliza wakati siwezi kukataa, mimi namshuku, na nitamshuku mpaka kaburini.

Kisha nikiwa nimelala hapa nikaanza kusikia meza yangu inabadilika. Kwanza sauti ya maji ilipotea. Nikauliza, mkasema mmeweka ndoo yenye bomba mlangoni, kila mtu anajinawisha akiingia, ni haraka na ni safi. Nikasema sawa, usafi ni kitu kizuri. Lakini beseni lilipoondoka, na ule muda wa kila mtu kufanya yake uliondoka, na hakuna aliyeuona ukiondoka isipokuwa mimi kipofu. Kwenye nafasi ile akaingia Kapenda na kipaza sauti. Siku za kwanza aliomba na anayetaka. Nikasema sawa. Halafu nikasikia wanaosema Amina wanapewa sahani mbele. Halafu nikasikia, kwa masikio haya, "Aseme Amina kwanza, njo atakula." Jikoni mwangu. Sauti hiyo ninaijua ni ya nani, nimeizaa.

Na ikaja siku sikusikia bangili. Mnajua jinsi zinavyolia Mira akinyoosha mikono juu ya beseni, ting, ting, mimi nilijua ni saa ngapi kwa bangili zile. Siku moja hakuna. Siku ya pili hakuna. Nikamuuliza Hulda peke yake, akaniambia, "Mira alisafiri, alienda kwabo." Nikamuuliza Lazare peke yake, akaniambia, "Bwana yake balimupeleka ku kazi pahali pengine, njo alimufuata." Chumvi moja, sababu mbili. Ndipo nikamuuliza Déborah, naye akasema, "Mama, bado iko hapa nyuma ya soko. Balimukataza sahani juu hakuitika Amina. Alisimama na njaa yake, akasema asante, akaenda."

Akasema asante! Mlimfukuza mtu aliyenibeba, akawashukuru.

Hulda, unakwenda wapi? Nimesikia kiti. Hulda! Haya, amekwenda, mlango huo. Lazare, usimfuate, mwache. Namjua mtoto wangu. Anakwenda kumwita Kapenda wake aje anipige kelele kwenye kipaji kabla sijamaliza. Na aje. Nina maneno yake pia. Mnaona sasa kwa nini niliwaambia mfunge mlango? Nipe maji kidogo, Déborah. Taratibu. Asante.

Basi, kabla hawajafika, nimalize lile kubwa, maana nguvu naona inaanza kunihesabia maneno. Ufunguo. Nyote mlidhani ni Lazare kwa sababu ni mwanamume, au Hulda kwa sababu anajua kupika kuliko wote, na anajua kweli, simnyimi sifa yake. Mimi ninautoa kwa Déborah. Nyamaza, Lazare, najua utasema nini, Hulda alishakisema jikoni, nilimsikia: "Déborah ule haombake hata kiloko." Ndiyo, haombi. Tangu alipomzika mwanawe, Nyembo wetu mdogo, hajafungua mdomo kumwomba Mungu, wala hajakanyaga kanisani. Unadhani sijui? Mimi ni mama yake, na ninalala na rozari mkononi. Imeniuma, Déborah, inaniuma sasa hivi, nimekuombea kila usiku na kila mapambazuko, nikilia bila sauti usije ukanisikia ukadhani nakulaumu. Lakini sijawahi kukwambia uombe. Na nitakufa sijakwambia.

Kwa nini yeye? Kwa sababu nimemsikiliza. Miaka yote hii yeye ndiye aliyeshika kopo baada ya baba yenu. Mtu asiyeomba angeweza kumimina haraka ili yaishe. Yeye alimimina polepole. Alisimama na njaa yake akamngoja kila mtu afungue macho, yule wa rozari, yule wa Kindu, yule wa mababu, na hakuna siku aliyotia kijiko mdomoni kabla ya wa mwisho. Muda ule kwake ni mtupu, na bado ameulinda kwa ajili ya wengine. Nani kati yetu waombaji amefanya hivyo? Chukua, binti yangu. Fungua fundo mwenyewe, vidole vyangu havinisikii. Hilo. Shika. Ndoo yenye bomba ibaki mlangoni kwa wenye mikono michafu, lakini beseni na kopo virudi mezani. Wanawake wa Jumatatu waimbe. Kapenda akija na njaa mpe sahani, na akitaka kuomba aombe wakati maji yanazunguka, kama kila mtu. Mtu asiwe wa kwanza kwa sababu ya Amina, wala wa mwisho kwa kuikosa. Na siku wewe mwenyewe ukitaka kuomba tena, usimwambie mtu. Hakuna anayekungoja, na hakuna anayekuhesabia.

Lazare, dada yako atahitaji mwanamume wa kusimama mlangoni siku watakapokuja wakubwa kumwambia hiki na kile. Utasimama wewe, na hivyo viatu vyako. Na Mira lazima arudi. Usimtume mtoto na ujumbe. Uende mwenyewe na Hulda, mumwambie kwamba...

Sss. Wamerudi.

Nawasikia barazani, ni miguu ya watu wawili, mmoja ni Hulda, anaburuza ndala tangu utotoni, na mwingine anatembea taratibu kama mtu asiyetaka kusikika. Mchungaji, ingia! Usijifiche nyuma ya pazia, humu mambo yote yamesikika. Lazare, usinikatize, nimekwambia usinikatize, nina pumzi ya mtu mmoja tu na huyo ni mimi. Mchungaji Kapenda, mimi sikuchukii. Imani yako ni yako, na ukiomba barabarani, sokoni, ndani ya treni, mimi Mwadi nitakuwa wa kwanza kumkemea atakayekuzuia, kwa sababu walimzuia mume wangu na najua ladha yake. Ila usisimame kati ya mtu na sahani yake. Na usisimame juu ya mgonjwa asiyeweza kukwambia hapana. Nimemaliza. Hujibu? Mara ya kwanza kukusikia umenyamaza, nashukuru. Hata marashi leo umeyaacha.

Déborah, leta beseni. Leta kopo. Nimewaambia mpike leo na malewa imefungwa, kwa sababu nataka niisikie meza yangu mara moja tena, hapa hapa, kitandani. Anza na mgeni, aliye mlangoni. Hata kama ni yeye. Mimina polepole, kama baba yako.

...

Subiri.

Mimina tena. Ting... ting.

Bangili. Ni za nani hizo? Mira? Mira, mwanangu, ni wewe? Njoo karibu, nipe mkono. Ndio, ni wewe, shaba hii. Na mimi nimekuhubiria maneno ya mtu mwingine, ukakaa kimya kwa heshima! Lazare, ndiyo hilo ulilotaka kuniambia. Basi nani... Hulda? Ni wewe uliyemfuata? Sema kwa sauti, mama, usililie kwenye kikwembe, sisikii. "Mama, minyi njo nilimukatazaka sahani. Nilienda kumuomba masamaa mbele weye utuache." Ah, Hulda. Umetoka hapa mimi nikikusema, umekimbia na ndala zako mpaka nyuma ya soko, na mama yako alikuwa hapa anakutazama mdomo kama Mwanza. Njoo. Nawe weka kichwa hapa. Nimefurahi kukosea, sikilizeni wote, miaka yote nimeshuku watu na hii ni shuku yangu ya kwanza kunipa furaha kwa kuwa ya uongo. Kwa hiyo huenda hata Mwanza... Basi. Aachwe. Aachwe alale.

Ninachoka, banangu. Kiswahili cha masista kinaniacha, kinatangulia mbele, tutakutana huko.

Munizike minyi pembeni ya Kabongo. Padri asome yake, Mira aseme yake, Kapenda akitaka kuimba aimbe, muntu asimusukume. Mwenye hana neno, anyamaze na asimame vizuri. Hulda, Déborah, munashikana mikono? Sisikie. Shikaneni. Lazare, na weye. Mungu abalinde. Abalinde benye banaomba na benye habaombake, kwa ile meza na kwa njia zenu zote, na batoto benu babakute mungali pamoja.

Maji, Déborah. Na minyi pia, kwa mikono. Polepole... Iko baridi. Iko muzuri.

Sasa, mwenye anataka, afunge macho. Mwenye hataki, aangalie mikono yake. Hakuna mwenye ataangalia mwenzake.

Munajua mezani kwetu hatukulake mbele ya wa mwisho kufungua macho. Hiyo haibadilike, Déborah. Lakini leo, siku hii moja, mukiona minyi sifungue...

Musiningojee. Fungula nyungu, mwanangu. Bukari isipoe.